Mishono Mitatu ya Fundi Hakiki

Kisiwani pale walimwita Fundi Hakiki, na jina hilo hakulipenda hata kidogo, maana alishuku kwamba aliyelianzisha alikuwa na lake jambo. Ukimpelekea mayai, aliyatumbukiza majini moja moja kuona lipi litaelea, hata kama umeyatoa chini ya kuku yeye akiwa amekukodolea macho. Simu ikiita kwa namba asiyoijua, aliipokea akanyamaza kimya, akamwacha mpigaji ahangaike na "haloo, haloo" yake, kisha akakata. "Kama ana nia njema angeanza yeye kujitaja," alimwambia binti yake. Binti alikuwa amezoea. Ukizaliwa na mama wa namna hiyo utafanyaje?

Mwaka juzi alikuja mpima macho, akaweka meza yake kwenye baraza ya zahanati na kuwapima watu bila malipo. Fundi Hakiki akaenda, kwa sababu cha bure alikipenda hata alipokishuku. Akasoma herufi za ukutani mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu, wa nne ukampiga chenga. Akapewa kitabu akisome karibu, akakisogeza mbali mpaka mkono ukaisha.

"Mama, unahitaji miwani ya kuonea karibu," mpima macho akasema kwa upole. "Na mahali unapofanyia kazi pawe na mwanga wa kutosha."

"Na miwani hiyo inauzwa na nani?"

"Ninayo hapahapa, mama."

"Ehee!" Fundi Hakiki akasimama. "Nilijua tu." Akatoka huku akiwatangazia waliokuwa kwenye foleni kwamba yule bwana anawatia watu upofu wa bure ili awauzie tiba yake. Watu wawili wakatoka kwenye foleni na kumfuata. Ndivyo alivyokuwa: shaka yake ilikuwa ya kuambukiza.

Lakini kazi aliijua, hilo hata adui zake walilikubali. Alikuwa akishona tiara. Sisemi vile vishada vya karatasi ambavyo watoto hukimbia navyo. Nasema tiara kubwa za kitambaa, upana wa chumba kizima, ambazo mgeni hujifunga nazo kiunoni, akasimama juu ya ubao, na upepo ukamburuta juu ya maji kwa kasi ya pikipiki. Wageni wa mchezo huo walikuja kila msimu wa upepo, wakivuka na kivuko pamoja na magari yao ya kulala, yale yenye kitanda, jiko na sinki humohumo ndani. Waliyaegesha kambini, upande wa kisiwa usio na nyumba, ambako ni mchanga mtupu na upepo. Watu wa kisiwani waliyaita makonokono, kwa kuwa yalitembea na nyumba mgongoni. Tiara ikipasuka katikati ya likizo, fundi mwingine alikuwa ng'ambo ya maji, safari ya nusu siku. Kwa hiyo njia zote zilimalizikia kwa Fundi Hakiki.

Karakana yake ilikuwa chumba kilichowahi kuwa posta. Kaunta ilibaki palepale, na ile nafasi ya kupitishia barua. Cherehani zilikuwa mbili, moja ya mshono wa kawaida, nyingine ya zigizaga. Dirisha kubwa la mbele alilipigilia mbao, maana kila mpita njia angechungulia akajua ana nini ndani. Alibakisha kidirisha cha juu, chenye ukubwa wa sinia, na taa moja iliyoning'inia karibu na dari. Binti ndiye aliyemtungia uzi kwenye sindano. Yeye mwenyewe alishona kwa vidole, akiupapasa mshono kama mtu anayechambua mchele gizani, na mshono ulinyooka.

Karatasi hakuziamini. Karatasi hulowa, wino hutoka, na risiti mtu yeyote anaweza kuighushi. Utaratibu wake ulikuwa nyuzi. Tiara ikiingia, aliichagulia rangi. Kipande cha uzi wa rangi hiyo alikifunga kwenye mpini wa begi, na kwa uzi huohuo akapiga mishono mitatu midogo kwenye ukingo wa tiara, mahali pasipoonekana kirahisi. Kazi ikiisha, tiara na begi vilikutana tena kwa rangi. "Uzi wangu hauhongeki," alikuwa akijisifu. Miaka kumi na mbili utaratibu huo haukumwangusha.

Sasa msimu uliopita, siku moja upepo ulichachamaa kwelikweli, akaletewa tiara tisa kwa mpigo. Mbili kati yake zilikuwa pacha: kijani na nyeupe, kiwanda kimoja, kipimo kimoja, mabegi meusi yasiyotofautiana. Moja ilikuwa mpya, imechanika mahali pamoja tu, mali ya mgeni aliyeitwa Kipara kwa sababu isiyohitaji maelezo. Ya pili ilikuwa kuukuu yenye viraka, imeletwa mbiombio na mtu na mkewe ambao Fundi hakuwatazama hata usoni. Kipara akapewa uzi mweusi. Wale wengine, bluu iliyoiva. Jioni binti akazikunja na kuzikaza kwa mkanda, akiacha ukingo wenye mishono nje, na zikishakunjwa hivyo, mpya na kuukuu yote ni furushi tu. Fundi mwenyewe, kwa mikono yake, akazitia mabegini uzi kwa uzi.

"Mama, hizi mbili zinafanana," binti alisema siku ile.

"Wewe shughulika na sindano," akajibiwa.

Aliyezichukua alikuwa mdogo wake Fundi wa kiume, yule waliyeachiana ziwa. Alikuwa mlinzi wa kambi. Kila jioni alipita na mkokoteni wake, akapakia mabegi yaliyokwisha, akayalaza kwenye kibanda chake cha ulinzi na kuwagawia wenyewe asubuhi. Kazi ile aliipenda. Aliwajua wageni kwa magari yao, na wageni walimpenda kwa utani wake.

Baada ya hapo upepo ukalala siku mbili, na makonokono manne yakaondoka na kivuko. Siku ya tatu ukaamka. Kipara akaenda ufukweni, akafungua begi lake, akachomoa tiara kuukuu yenye viraka sita.

Jamani, kelele za siku ile! Meneja wa kambi alikuwa mtu wa kuwaogopa wageni kuliko anavyoogopa homa. Akawapigia simu wenye yale makonokono manne. Wawili wakakana, wawili hawakupokea. Akauliza mabegi yalilala wapi. Yalilala kibandani kwa mlinzi. Basi, macho yote yakageukia upande mmoja. Fundi akaitwa.

"Fundi," meneja akamwuliza mbele ya wageni na wafanyakazi, "inawezekana ulizichanganya?"

"Mimi?" Fundi Hakiki alijisikia kama aliyemwagiwa maji machafu. "Mimi nichanganye?"

"Dada, fikiri vizuri," mdogo wake akasema. Alikuwa amesimama pembeni, kofia ya ulinzi mkononi.

Dada alifikiri, lakini alichofikiri ni viatu. Wiki ile mdogo wake alikuwa na viatu vipya, na alipomwuliza alisema amepewa na mgeni. Mgeni gani huyo anayegawa viatu? Kwa hiyo akainua kichwa, akasema maneno ambayo kisiwa kizima kiliyakariri: "Nilichofunga mimi ndicho kilichotoka kwangu. Kilichotokea baada ya hapo, mimi sijui."

Hakusema kwamba mdogo wake ni mwizi. Hakuna aliyehitaji alimalizie. Mlinzi alifukuzwa kabla ya chakula cha mchana, na meneja akamtupia ile tiara kuukuu miguuni. "Na biashara yako uichukue."

Tangu hapo alikuwa akiosha magari kwenye barabara ya gatini, pale yanapopanga foleni kusubiri kivuko. Alisimamisha nguzo nne, akatandaza ileile tiara ya kijani na nyeupe juu yake iwe kivuli. Watu walipita wakicheka chinichini. Fundi Hakiki alipita hapo kila siku asubuhi na jioni, hana njia nyingine ya kwenda nyumbani, na kila siku aliugeuza uso upande wa pili. "Ametundika wizi wake hadharani," alimwambia mama yao, "hana hata haya!" Hawakusalimiana miezi kumi na mmoja. Mmoja akiwa kwa mama, mwingine alisubiri nje ya uzio mpaka mwenzake atoke. Mama mwenyewe alichoka. "Na kuzika je?" aliuliza. "Mtanizika kwa zamu?"

Hapo ndipo mambo yalipokuwa, mpaka asubuhi ile alipoingia mwanamume mmoja mwenye ndevu nyingi, begi jeusi mgongoni.

"Habari za kazi, fundi."

"Njema." Fundi alimtazama kuanzia ndevu mpaka ndala.

"Tiara yetu imechanika. Nitakulipa sasa hivi, yote, halafu ukimaliza nitaifuata mwenyewe. Msimpe mlinzi ailete."

Mtu anayelipa kabla ya kuulizwa! Fundi Hakiki akaweka sindano chini. Ndevu akazungusha macho chumbani, akajikuna shingo, akaegemea kaunta.

"Hivi, mwaka jana hapa... hakuna mtu aliyelalamika kwamba amepotelewa na tiara?"

"Kwa nini unauliza?"

"Aa, naulizia tu."

Naulizia tu! Fundi alikuwa ameishi miaka hamsini na mitatu na hajawahi kukutana na mtu anayeulizia tu. Akamjibu kwamba hapa huja watu wengi na yeye hakumbuki. Ndevu akashusha pumzi, Fundi aliisikia kabisa ikishuka, akaaga na kuondoka haraka.

Mlango ulipofungwa, Fundi akaitandaza tiara sakafuni. Kijani na nyeupe. Karibu mpya. Vidole vyake vikatembea kwenye ukingo wa mbele, vikasimama. Mishono mitatu. Akailetea uso, akaisogeza mbali, akaisogeza tena: uzi mweusi. Weusi wa Kipara! Akarukia begi. Kwenye mpini kulikuwa na kipande cha uzi kilichochakaa, na hicho nacho kilikuwa cheusi.

Alimwona Kipara kwa macho yake akiondoka kisiwani na begi lake begani, likiwa na uzi wake mweusi. Sasa hili begi jingine lenye uzi mweusi limetoka wapi? Akakaa chini kufikiri, na kwa kufikiri Fundi hakuwa mvivu. Nusu saa haikuisha alikuwa ameijenga kesi yote kuanzia msingi hadi paa. Mdogo wake aliwauzia hawa watu tiara ya Kipara, akawatilia ndani ya begi lao. Akawafundisha siri ya nyuzi. Nao wakajifungia uzi mweusi kwenye begi lao ili likikaguliwa lionekane halali. Wameughushi uzi wake! Hilo lilimuuma kuliko wizi wenyewe.

Alifurahi, tusidanganyane. Mwaka mzima kisiwa kilikuwa na watu walionong'ona kwamba huenda fundi alikosea, na sasa ushahidi ulikuwa umejileta wenyewe na kulipa kabla. Lakini furaha ile ilikuwa na mwiba ndani yake. Mwaka jana mdogo wake alipoteza kazi kwa kushukiwa tu. Akithibitishwa, ataingia ndani, na jina la mama yao litatajwa kituoni. Fundi aliinuka mara mbili aende kumwambia mtu, akakaa mara mbili. Mara ya tatu akachukua futi ya kupimia, akaenda kambini. Alitaka kwanza awe na hakika.

Konokono la Ndevu lilikuwa limeegeshwa mwisho kabisa, mbali na mengine. Hilo nalo alilitia moyoni. Mke wa Ndevu ndiye aliyemkaribisha, mwanamke mnene kidogo, mcheshi, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Ndani palikuwa pembamba lakini pamepangika: kitanda nyuma, sinki la ukubwa wa bakuli, vikombe vilivyoning'inizwa kwenye ndoano visigongane barabarani, mbao mbili za kutelezea zimefungwa darini. Kila kitu kilikuwa na kabati lake, na Fundi alijiuliza kwa nini watu wawili walikuwa na makabati mengi kiasi kile.

"Nimekuja kupima kamba zenu," akasema. "Nisije nikakaza mshono usiooana."

Akamiminiwa chai. Hakuigusa mpaka mwenyeji alipoonja yake na kumeza.

"Tiara nzuri," Fundi akasema huku akipima kamba asizozihitaji. "Mliinunua wapi?"

"Dukani, bara," Ndevu akajibu haraka.

Mkewe akageuka. "Lakini si tuli..."

"Dukani," Ndevu akarudia, na jasho likamtoka hapohapo.

Mwanamke akavaa miwani yake, akamtazama mumewe, akaivua. Fundi Hakiki akakunja futi yake polepole, akashukuru kwa chai, akawaambia waifuate tiara kesho saa nne, akatoka akijikaza asikimbie. Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa meneja.

"Kesho saa nne uje karakana," akamwambia. "Na mlinzi wako mpya asimame mlangoni."

Saa nne kamili kesho yake Ndevu na mkewe waliingia, na mlango ukafungwa nyuma yao. Meneja alikuwa amekaa kwenye kiti cha wateja, karatasi na kalamu mapajani. Binti alikuwa kwenye cherehani, mikono imetulia. Tiara ilikuwa juu ya kaunta, na begi kando yake.

"Bwana Meneja," Fundi akaanza, akilivuta kila neno kwa raha, "hii ndiyo tiara ya Kipara. Mishono mitatu hii hapa, myeusi. Na hawa wamekuja nayo wakaniambia wameinunua dukani."

Ndevu akafunua mdomo ajibu. Mkewe akamsogeza pembeni kwa kiwiko.

"Nilikwambia!" akamfokea. "Tangu bara nilikwambia tuje tuseme ukweli, ukaleta akili zako za kwanza tuishonee!" Akamgeukia meneja. "Ni kweli si yetu. Yetu ilikuwa kuukuu. Mwaka jana tuliitengeneza hapahapa, tukakabidhiwa begi letu asubuhi, na kivuko kikatuchukua. Hatukulifungua mpaka mwezi mzima baadaye, nyumbani. Tukakuta mpya. Huyu akasema tunyamaze, pengine ni bahati yetu. Ndiyo, namba ngeni ilitupigia, tukadhani ni matapeli, hatukupokea. Nimekaa na hiki kitu moyoni mwaka mzima, sikiwezi tena. Tumekuja kuirudisha, na hatukutaka kuirudisha imechanika."

"Mlinzi aliwauzia kwa kiasi gani?" Fundi akauliza.

"Mlinzi? Mlinzi hakutuuzia kitu. Alitupa begi letu. Lilikuwa na uzi wetu."

"Uzi wenu!" Fundi Hakiki alicheka, lakini cheko lilikuwa fupi. Akaliinua begi juu, akauonyesha mpini. "Uzi wenu ulikuwa bluu. Huu mweusi mmeufunga nyinyi. Mmeughushi!"

Mwanamke akavaa miwani yake, akainama juu ya mpini, akainuka.

"Fundi, huu uzi ni wa bluu."

"Mweusi."

"Bluu, mama yangu. Bluu iliyoiva, lakini bluu."

Fundi akamwangalia meneja. Meneja akasogea, akakodoa macho chini ya ile taa ya darini. "Mimi naona kama bluu," akasema taratibu, kama mtu anayekanyaga ubao asiouamini.

"Binti!"

Binti akaja. Hakuhitaji kuinama. "Ni bluu, mama," akasema, na machozi yakamlenga. "Wa tiara ndio mweusi."

Loo! Kwa dakika nzima Fundi Hakiki alimshuku binti yake wa kumzaa. Alijiuliza wamempa nini. Kisha akalichukua begi na tiara, akapenya kati yao, akamsukuma yule mlinzi mpya mlangoni, akatoka mpaka katikati ya barabara, kwenye jua kali. Akauweka uzi wa begi sambamba na mishono mitatu. Aliona mweusi na mweusi. Akapepesa. Mwanamke alikuwa amemfuata. Akavua kamba ya miwani shingoni mwake, akampa.

Fundi alisita kuipokea, tabia haimtoki mtu kwa siku moja. Halafu akaivaa.

Kwanza aliviona vinyweleo vya mikono yake mwenyewe. Kisha akauona ufumaji wa kitambaa, mistari midogomidogo ambayo alikuwa akiipapasa kwa miaka bila kuiona. Kisha akaona uzi. Ule wa tiara ulikuwa mweusi. Ule wa begi ulikuwa bluu, bluu ya sare za shule, bluu ambayo mtoto yeyote angekutajia. Alizitazama rangi zile mbili, akaiona jioni ile ya mwaka jana: mafurushi mawili, mabegi mawili, taa ile ya juu, na mikono yake hii, iliyojiamini.

"Imebaki tiara moja," akasema. "Twendeni gatini."

Walikwenda wote, meneja, wale wenye konokono, binti, hata mlinzi mpya ambaye hakuna aliyemwambia aje. Foleni ya kivuko siku hiyo ilikuwa ndefu, magari yamesimama, wenyewe wamekaa kivulini wakipiga soga. Chini ya tiara kuukuu, mdogo wake alikuwa amepiga magoti akisugua gurudumu la konokono la mtu. Aliwaona wakija, akaacha kusugua. Hakusimama.

Fundi Hakiki hakumsalimu. Aliufuata ukingo wa ile tiara iliyotandazwa juu ya nguzo, akianza kutafuta upande wa nyuma, akiamini patakuwa pamefichwa huko. Hakukuwa na kitu. Akazunguka kwa mbele, upande wa barabara. Mishono ilikuwa pale, usawa wa macho yake, imeangalia njia. Mitatu. Jua lilikuwa limeipausha, lakini kwa miwani ile haikuwa na mjadala: bluu.

Akashika nguzo. Aligeuka, na kwa kuwa maneno yale ya mwaka jana aliyasema mbele za watu, haya nayo hakuyanong'ona.

"Jamani, nisikilizeni! Mwaka jana nilisema sikuchanganya. Nilichanganya. Mimi, kwa mikono yangu, kwa macho yangu mabovu. Mtoto wa mama yangu hakuiba kitu." Alilia kwa sauti, yeye ambaye hata msibani hulia akiwa amefunika uso watu wasije wakajua.

Meneja akakohoa, akasema kitu kuhusu kazi, kwamba nafasi inaweza kuzungumzika, na mlinzi mpya akamtazama vibaya. Ndevu alikuwa ameinua mkono, anaipapasa tiara yake kuukuu kiraka kwa kiraka.

Mdogo wake akasimama, akajifuta mikono kwenye suruali.

"Niliiweka upande huo makusudi," akasema. "Nilipoifungua siku ile ya kwanza niliuona uzi, nikajua. Nikasema nikija kukueleza utasema nimeushona mwenyewe."

Ni kweli. Angesema hivyohivyo, na wote wawili walijua.

"Kwa hiyo nikaigeuzia barabarani," akaendelea, "usawa wa macho yako. Nikasema dada hupita hapa asubuhi na jioni, ataona mwenyewe. Miezi kumi na mmoja, dada. Kila ukipita unageuza uso. Nikajua unaona. Nikajua unaona na umeamua kunyamaza."

"Sikuona," Fundi akasema. "Haki ya Mungu, sikuona."

Alimtazama dada yake kwa muda mrefu, ile miwani ya kigeni, kubwa kuliko uso, machozi yakitiririka chini yake. Ilionekana bado hajaamua kama amwamini. Kivuko kilipiga honi, watu wakaanza kuwasha magari. Akainama, akaokota sponji lake ndani ya ndoo.

"Hiyo miwani ya nani?"

"Ya mgeni. Ya huyu mama."

"Mrudishie kabla kivuko hakijaja," mdogo wake akasema, akarudi kwenye gurudumu. "Wasije wakakushuku."